Chumba cha Nkambo

Watoto wengi wa mjini hulala katika vyumba vidogo. Chumba kinachosimuliwa hapa kilikuwa katika mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi, katika nyumba ya matofali. Urefu wake ulikuwa mita 3, na upana wake mita 2 na nusu. Humo walilala msichana wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8, kila mmoja na kitanda chake. Palikuwamo pia masanduku mawili, gunia la mahindi, kiti kilichojaa nguo, na baiskeli ya baba isiyo na magurudumu.

Mwezi wa Juni, Nkambo yao alikuja kukaa nao. Alikuwa mama yake baba. Alisafiri kwa gari la moshi kutoka pande za Bukama, kwenye mto Lualaba, na kikapu chake kikubwa. Mumewe alikuwa amekufa, na macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Msichana akampa kitanda chake, naye akatandika mkeka katikati ya chumba.

Usiku wa tatu Nkambo aliamka ili atoke nje. Akajikwaa kwenye sanduku, akaanguka, goti likavimba. Kulipokucha akamwambia baba: “Mwanangu, mahali hapa hapanitoshi. Goti likipona, unirudishe kwetu.” Baba akanyamaza. Alijua kwamba kule hakuna tena mtu wa kumchotea maji.

Msichana alisikia maneno hayo. Akaazima mita ya kushonea ya mama, akaanza kupima. Mita 3 mara mita 2 na nusu ni mita za mraba 7 na nusu. Kila kitanda kilikuwa na urefu wa sentimita 190 na upana wa sentimita 90. Ninyi mnaosoma, fanyeni hesabu hiyo: vitanda viwili havijazi hata nusu ya chumba. Basi nafasi ilipotelea wapi?

Ilikuwa imekatwa vipande. Kitanda kimoja kilisimama kwenye ukuta wa kuume, cha pili kwenye ukuta wa kushoto. Katikati ilibaki njia ya sentimita 70 tu, na ndani ya njia hiyo ndimo masanduku yalimowekwa. Mlango nao ulifunguka kwa ndani. Mlango wenye upana wa sentimita 80 ukizunguka hivyo, hula karibu nusu ya mita ya mraba, wala huwezi kuweka kitu pale.

Msichana hakusukuma kitanda hata kimoja siku ile. Alichukua daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo. Akahesabu kila mraba kuwa sentimita 10, akachora chumba: miraba 30 kwa miraba 25. Kisha akakata karatasi mbili za miraba 19 kwa 9; hizo ndizo vitanda. Akazisogeza huku na huku juu ya daftari. Ni kazi nyepesi kuliko kubeba mbao, na mgongo hauumi.

Mwisho akaona. Kitanda kimoja kikae kwenye ukuta wa nyuma. Cha pili kifuate ukuta mrefu, kichwa chake kikielekea upande wa mlango. Hapo sakafu yote iliyobaki itakuwa kipande kimoja, zaidi ya mita 2 kwa mita 1 na nusu. Lakini walalaji walikuwa watatu, na vitanda viwili. Mdogo wake akasema: “Yaya, mimi nilale juu yako, kama kuku juu ya mti!” Akacheka, lakini alisema kweli. Ilifaa kufanya kitanda cha ghorofa.

Fundi wa mbao alitaka malipo, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Akaiona baiskeli, akaitamani. Baba akasema kwamba ataitengeneza mwenyewe. Mama akamwuliza: “Unaitengeneza tangu lini?” Baba akahesabu miaka kwa vidole, akafika minne, akampa fundi baiskeli yake. Fundi akajenga kitanda cha ghorofa, akatia ubao mbele ya kile cha juu ili mtoto asianguke. Akageuza pia bawaba za mlango, ufunguke kwa nje. Gunia likahamia kwa mama. Masanduku yakaingia chini ya vitanda, juu ya matofali, kwa maana mchwa wa Katanga hawaogopi mbao za mtu yeyote.

Zikabaki kuta. Zilikuwa za rangi ya buluu nzito, na moshi wa taa ulikuwa umezitia weusi. Ukuta mweusi humeza mwanga. Ukuta mweupe huurudisha. Wakanunua chokaa. Chokaa hutoka katika mawe, kama yale ya Kakontwe, karibu na Likasi. Mawe hayo huchomwa katika tanuru lenye moto wa digrii 900 hivi, nayo hugeuka chokaa kali. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka yenyewe bila moto, na tone moja likiingia jichoni laweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo baba ndiye aliyeichanganya, watoto wakisimama mbali. Wakakwangua masizi, wakapaka mara mbili. Chini, kufika magotini, wakapaka udongo mwekundu, kwa sababu huko ndiko miguu na ufagio huchafua.

Dirishani waliondoa blanketi kuukuu, wakatundika kitambaa chepesi. Kioo cha baba cha kunyolea wakakipachika kuelekea dirisha, na mwanga ukaonekana kama umeingia mara mbili. Nkambo hakukipenda. Alisema usiku aliona mtu akitembea humo. Wakakihamisha, mwanga kidogo ukapungua, lakini Nkambo akalala vizuri. Mchana vyandarua vilifungwa fundo na kuinuliwa juu, jioni vikashushwa, kwa maana mbu wa malaria huuma usiku.

Usiku wa Juni ni wa baridi sana Lubumbashi. Nkambo aliomba mbabula yenye makala iwekwe kando ya kitanda chake. Hapo msichana, ambaye hakumkatalia Nkambo neno lolote, alikataa. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu, nayo imeua watu wengi waliolala. Wakampa blanketi la pili, na matundu ya hewa juu ya ukuta wakayaacha wazi.

Sasa kikabaki kikapu. Kilikuwa kipana, cheusi kwa moshi wa miaka mingi, na kilikaa katikati ya sakafu ile safi. Msichana akakibeba kukipeleka jikoni. Nkambo hakumkemea. Alinyosha tu mkono, akakishika ukingo, wala hakuuachia.

“Nkambo, kinajaza chumba,” msichana akasema polepole.

“Mjukuu wangu, kila kitu hapa ni chenu,” Nkambo akajibu. “Changu ni hiki.”

Akakifungua. Ndani kulikuwa na kitambaa kimoja, kiko cha marehemu mumewe, na mbegu zilizofungwa katika majani makavu: mahindi, maharagwe, maboga. Msichana akaona haya. Watu wengine hudhani chumba hupanuka kwa kutupa vitu tu, wasiulize ni vya nani. Akamwita baba. Baba akapigilia msumari mkubwa ukutani juu ya kitanda cha Nkambo, chini kiasi cha mkono wake kufika, wakakitundika kikapu pale. Juu ya chokaa nyeupe weusi wake ulipendeza. Hawakutundika pambo lingine.

Usiku ule Nkambo alitoka nje akarudi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni zilikuwa hatua tatu, naye alizihesabu kwa sauti gizani. Asubuhi aliketi uani, mguu ameunyosha juani, akimwangalia mama akifagia.

“Mvua zenu huku huanza mwezi gani?” akauliza. “Nataka kujua mbegu zangu nitazipanda wapi.”