Luthuli Avenue, barabara ya kutibu kompyuta

Ukishuka matatu katika barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, ingia Luthuli Avenue inayoteremka hadi River Road. Masikio yatakuongoza, kwani karibu kila mlango una spika inayoshindana na ya jirani. Barabara hii ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Ilipokarabatiwa mwaka 2019, wapita njia waliongezewa nafasi ya kutembea.

Mimi nilifika huko nikiwa na kompyuta kwapani na moyo mzito. Asubuhi hiyo niliiwasha ikagoma, ikabaki na kioo cheusi chenye maneno kwamba haioni diski ya kuianzisha. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na sauti ya marehemu nyanya yangu akisimulia maisha yake. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Nilipanda ngazi nyembamba hadi kwa fundi mmoja.

"Ilikuwa ikilia tik-tik?" akaniuliza hata kabla sijaketi.

"La, fundi."

"Basi tulia kwanza."

Alinieleza kuwa ndani ya diski mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea vichwa vya kusomea bila kugusa. Mwanya uliopo ni mdogo kuliko chembe ya vumbi. Mlio wa tik-tik mara nyingi ni dalili kwamba vichwa hivyo vimeumia. Ukiusikia, zima mara moja, wala usithubutu kuifungua diski nyumbani.

Kisha akaanza kazi. Alichomoa flashi niliyoisahau, maana kompyuta huweza kujaribu kuanzia humo. Akafungua ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows ili aone kama diski inatambuliwa. Haikuwamo. Akaitoa, akaipachika tena kwa uthabiti. Sasa jina lake likaonekana, lakini kompyuta ikakataa kuendelea.

Nikamwomba aweke Windows upya. Akatikisa kichwa. "Ukiandika juu ya diski mgonjwa, unaweza kufuta unachokitafuta. Tunanakili kwanza, kutengeneza baadaye."

Aliiunganisha na kompyuta yake kwa waya, faili zikaanza kuhama polepole. Baada ya saa mbili hivi alibonyeza moja. Katikati ya kelele za barabarani, nyanya akacheka, akaanza kusimulia alivyokuwa akichota maji mtoni. Nilijifanya natazama dirishani.

Diski ile ilikuwa na sehemu zilizoharibika, nikanunua nyingine. Sauti ya nyanya sasa iko mahali patatu, mojawapo ikiwa nyumbani kwa dada yangu.

Nawe msomaji, nakili leo kile usichoweza kukinunua tena. Majuto ni mjukuu, na Luthuli Avenue huwaona wengi wanaokuja wakiwa wamechelewa.