Dafina ya Msituni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wangu wameieleza vizuri, kwamba apendaye kupata hana budi kutaabika. Wala sikuwa na shaka kuwa naielewa. Lakini yako maneno ambayo mtu huyajua kwa ulimi muda mrefu kabla hajayajua kwa moyo. Mimi methali hii niliijua kwa moyo siku moja ya Aprili 2019, katika msitu wa nchi ya mbali, nilipokuwa nikicheza mchezo wa mtoto.

Nilikuwa Wales kwa ajili ya mkutano wa walimu wa lugha. Mkutano ulipokwisha, mwenyeji wangu, ambaye ni mwalimu wa Kiwelisi, alinialika tufuatane na binti yake wa miaka tisa mpaka Dolaucothi, karibu na kijiji cha Pumsaint katika Carmarthenshire. Huko ndiko yaliko machimbo ya dhahabu ya Warumi. Baba alikuwa amemtungia binti yake vitendawili kumi na kumchorea ramani. Kila kitendawili kilielekeza mahali palipofichwa alama, na mwisho wa alama zote ilikuwapo dafina.

Tulipita chini ya mialoni iliyokuwa ikianza kuchipua. Ardhi ya msitu ule haikai sawa: hapa inadidimia kama kaburi la zamani, pale inainuka kama tuta lililosahauliwa na mkulima. Mgeni asiyeambiwa atadhani kuwa ndivyo ilivyoumbwa. Sivyo, iligeuzwa kwa mikono ya watu. Majeshi ya Roma yaliishinda Wales katika miaka ya 70 baada ya Kristo, na askari wakajenga ngome pale kilipo kijiji leo. Kilichowavuta kilikuwa ndani ya mawe.

Alama ya kwanza ilikuwa chini ya jiwe lililosimama, lenye mabonde madogo ubavuni. Wenyeji wa kale walisimulia kuwa watakatifu watano waliegemeza vichwa vyao juu yake usiku wa dhoruba, na mabonde yale ni alama za vichwa vyao. Na Pumsaint maana yake ni watakatifu watano. Wataalamu husema kuwa lilikuwa jiwe la kupondea mawe ya dhahabu. Binti aliwapenda zaidi watakatifu, nami sikumlaumu.

Juu ya kilima tulifuata njia ya mfereji wa kale. Warumi walileta maji ya mto Cothi kwa mwendo wa kilomita 11 hivi, wakayakusanya katika mabirika yaliyochimbwa mlimani. Birika lilipojaa, walilifungulia kwa ghafula; maji yakaporomoka, yakachukua udongo na mawe, yakauacha mwamba uchi, na mshipa wa dhahabu ukaonekana. Mahali mshipa ulipozama waliufuata ndani ya ardhi. Katika miaka ya 1930 wachimbaji wa siku hizo walikuta huko chini kipande cha gurudumu la mti la kutolea maji, ambalo namna yake lilizungushwa kwa nguvu za watu. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1938, na tangu 1941 mahali pale pametunzwa na chama cha National Trust.

Tulifika mbele ya mlango wa pango. Binti alichungulia gizani, akaniuliza: “Waliochimba humu waliitwa nani?”

Nilimjibu kuwa majina yao hayakuandikwa. Akauliza tena: “Kwa nini ya wafalme yameandikwa?” Baba yake alicheka. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka Plinio, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka wa 79 katika mlipuko wa Vesuvio. Alieleza machimbo ya Hispania, jinsi watu walivyofanya kazi kwa mwanga wa taa, wakapitisha miezi bila kuuona mchana, na jinsi ardhi ilivyowaangukia. Aliyaandika yote hayo, ila jina la hata mmoja wao hakuliandika. Na nilipokuwa nikimhukumu Plinio moyoni mwangu, hukumu ile iligeuka ikanirudia.

Msomaji, nilikuwa na kaka. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita. Nilipofaulu kuingia shule ya sekondari baba alikuwa amekwisha kufariki, na nyumbani hapakuwa na fedha. Kaka aliacha shamba la mama, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Si kwa mashini, bali kwa nyundo, kamba na tochi, katika shimo ambalo wachimbaji huliita duara. Kila muhula ada yangu ilifika. Mara ilikuwa kamili, mara ilikuwa pungufu, lakini ilifika, na noti zake zilikuwa na udongo mwekundu katika mikunjo. Mwaka wa 1999, wakati wa masika, matimba yaliyoshikilia duara yalivunjika, na ardhi ikafunga. Wenzake walichimba siku mbili ndipo wakampata. Alizikwa huko huko. Mimi nilikuwa katika mitihani, sikwenda.

Miaka mingi baadaye niliandika tasnifu ya udaktari. Katika dibaji yake niliwashukuru walimu wangu, wakutubi, mpiga chapa, na hata mwenye nyumba niliyopanga. Kaka yangu hakuwamo. Laiti ningeweza kusema kuwa nilimsahau! Sikumsahau, nilimwonea haya. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kuwa nilisomeshwa kwa pamba ya baba, maana pamba niliiona kuwa asili yenye heshima kuliko shimo. Uongo ule ulikuwa mdogo siku ya kwanza. Ulikua pamoja nami, ukapata shahada pamoja nami.

Tulipokuwa tukishuka, mwenyeji wangu alisema kuwa Warumi walichukua dhahabu wakaacha maneno. Dhahabu kwa Kiwelisi ni aur, daraja ni pont, dirisha ni ffenestr, na yote matatu yametoka katika Kilatini. Nilimwambia kuwa neno letu dhahabu limetoka katika Kiarabu, na meza tuliipata kwa Wareno. Haya ndiyo mazungumzo niliyoyazoea, lakini siku ile yalinichoma. Kazi yangu ni kulitafutia kila neno asili yake na kuiandika bila kuona haya, awe aliyelileta ni mfalme au mtumwa. Asili ya maneno nimeitunza. Asili yangu mwenyewe nimeificha.

Dafina ilikuwa katika kibati kilichofunikwa majani chini ya mwaloni: sarafu za chokoleti zilizovikwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Binti alizigawa kwa haki, kila mmoja akapata tatu, ikabaki moja. “Hii ya nani?” aliuliza. Nikamwambia ni ya kaka yangu. Akauliza anaitwa nani, nami nikamtajia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina lile mbele ya mwalimu mwenzangu, na mwenzangu, aliyekuwa akitukunja ramani, akasimama kimya kunisikiliza. Nilimweleza mambo yote tulipokuwa njiani.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa mama kumwomba anionyeshe kaburi. Hakunilaumu. Alisema tu, “Nilijua utauliza, mwanangu,” akachukua khanga yake tukaondoka.

Watu husema usione vyaelea, vimeundwa. Wanaotembea katika msitu wa Dolaucothi hutembea juu ya kazi ya watu wasiotajwa, na hilo haliwezi kutengenezwa tena, maana waliojua majina yao wamekwisha kufa. Langu laweza. Tasnifu yangu sasa inatengenezwa kuwa kitabu, nami nimewaomba wapiga chapa ukurasa mmoja zaidi mwanzoni. Jina la kaka yangu litakuwa peke yake katika ukurasa huo, na chini yake kazi yake: mchimbaji.