Umeme Ulipokatika Ghana

Kwetu kukatika kwa umeme ni jambo la kulalamikia, si la kushukuru. Lakini Juni 2017 ulikatika Ghana, na kampuni nzima ya meli ikapona.

Kirusi kilichoitwa NotPetya kilianzia Ukraine tarehe 27 ya mwezi huo, kikajipenyeza kupitia programu ya uhasibu, kikaenea dunia nzima. Kiliikumba Maersk ya Denmark, wenye makontena tunayoyaona Mombasa na Dar es Salaam. Maersk ilikuwa na seva kama 150 zilizobeba daftari la mtandao wake: nani ni nani, na anaruhusiwa kuingia wapi. Kila moja ilibeba nakala ya nyenzake. Ikifa moja, zilizobaki zingeijazia. Kwamba zote zingeweza kufa kwa mkupuo, hilo halikuwa limewekewa akiba.

Zikafa kwa mkupuo. Ikasalia moja, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijaifikia. Kuituma data kwa intaneti kungechukua siku kadhaa, hivyo ikabidi diski ibebwe mkononi hadi Uingereza. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza (Mwafrika yeyote anaijua sehemu hii ya hadithi), basi mmoja akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaifikisha London.

Nakala zote zile, kumbe, kwa kuwa zilishikana zilikuwa nakala moja. Ndivyo ilivyokuwa pia Strasbourg, Machi 2021, kituo cha data cha OVH kilipoungua: wateja ambao akiba yao ilikaa palepale na mali yenyewe walikosa vyote.

Simu zetu nazo hupeleka picha mtandaoni zenyewe, nasi tukaridhika kwamba tuna bakapu. Mara nyingi hicho ni kioo tu: ukifuta huku, na kule kunafutika. Mimi naamini kitu kilichochomolewa. Diski yangu iko Morogoro kwa dada yangu, na kila nikienda huichomeka, hufungua faili kadhaa kuhakikisha zinafunguka, kisha huongeza mapya. Kuna picha, kazi zangu, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, pamoja na faili za kusakinishia programu ninazozitegemea, kwa maana siku ya dharura huenda intaneti nayo isiwepo. Namba za simu za ndugu ziko kwenye daftari la karatasi, tena kwa wino.

Safari moja dada aliniuliza, "Kaka, na wewe usipokuwepo, hii nani ataifungua?"

Nenosiri lilikuwa kichwani mwangu, na kichwa hakina nakala. Tangu hapo nimekuwa nikiwaza ni mambo mangapi ya nyumba zetu yamekaa hivyo: mpaka wa shamba anaoujua babu peke yake, deni analolijua baba, akaunti ambayo mama hakumwambia mtu. Tunaziita siri, na nyingine kweli ni siri, lakini nyingi ni uvivu wa kuaminiana.

Nililiandika nenosiri kwenye karatasi. Kumwachia dada pamoja na diski nilikataa. Nimempa shemeji yangu wa Moshi. Hawa wawili hawaivi chungu kimoja tangu arusi yangu. Siku ikifika watalazimika kupigiana simu.