Kilio Kilichopangwa kwa Herufi

Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu insha juu ya siku ya huzuni. Mmoja wao, ambaye jamaa zake walikimbia vita, alirudisha karatasi tupu. Tulimkaripia tukidhani ni mvivu. Kosa letu tulilitambua baadaye, tulipoketi kukisoma kitabu cha Maombolezo katika Biblia.

Kitabu hicho kina tungo tano juu ya maangamizi ya Yerusalemu, mji uliotekwa na jeshi la Babeli mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo. Hekalu lilichomwa, na watu wengi wakapelekwa uhamishoni. Lakini tafsiri haituonyeshi jambo moja: katika Kiebrania, tungo nne za kwanza zafuata alfabeti yenye herufi 22. Utungo wa kwanza, wa pili na wa nne una aya 22 kila mmoja, aya moja kwa kila herufi. Wa tatu una aya 66, tatu kwa kila herufi. Washairi wetu wa pwani nao walipata kutunga kwa kufuata herufi za Kiarabu, hivyo ufundi huo si mgeni kwetu. Je, mwenye uchungu ajifungeje namna hiyo? Twaona kuwa herufi zilimpa pa kuanzia na pa kukomea, pale ambapo mengine yote yamebomoka.

Utungo wa tano nao una aya 22, ila mpango wa herufi umeachwa. Hapo hasemi tena mji uliofananishwa na mjane, wala mtu mmoja aliyeteswa; wasemao ni "sisi", nao wamaliza kwa shaka. Hadi leo Wayahudi hukisoma kitabu hiki katika mfungo wa tarehe 9 ya mwezi wao wa Av, wakiwa wameketi chini, na hulikumbuka pia hekalu la pili lililoangamizwa na Warumi mwaka 70. Wafikapo mwisho huirudia aya iliyotangulia ile ya mwisho, ili kisomo kisiishie katika shaka.

Tulimwita mwanafunzi yule, tukamwomba radhi, kisha tukamwambia aandike sentensi moja tu kwa kila herufi. Aliandika kuanzia A hadi L, akaweka kalamu chini.

"Mwalimu," akasema, "M ni herufi ya jina la mdogo wangu."

Hatukumhimiza. Ndugu walimu, tangu siku ile hatuisahihishi karatasi tupu kwa haraka.