Nyanya Nyeusi ya Kibwezi

Mwaka 2021 nilivuka Mto Athi kwenda Kibwezi kununua vitunguu, nikarudi Mutomo na nyanya moja mfukoni. Rangi yake ilikuwa ya bilinganya, nilidhani imeoza. Bikizee aliyeiuza, nikamwita susu kama tuitavyo akina nyanya Ukambani, akacheka na kuikata. Ndani ilikuwa nyekundu kama nyingine.

Nikauliza mbegu ni pesa ngapi. Akatazama huku na huku.

"Mbegu siuzi, mwanangu. Nakuuzia nyanya. Ukikuta mbegu ndani, hiyo ni yako na Mungu."

Nilimwelewa baadaye. Sheria ya mbegu iliporekebishwa mwaka 2012, kuuza mbegu zisizoidhinishwa kungeweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka miwili. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kilitoa Indigo Rose, nyanya ya zambarau inayofanana sana na yangu. Nilipoiulizia dukani Kitui mjini, kijana alinionyesha pakiti za nyekundu tu. "Hiyo ni ya Facebook," akasema.

Basi nikakamua mbegu na ute wake kikombeni, nikaviacha siku tatu vikachacha, nikaosha, nikaanika kwenye sahani. Miche ikaota ishirini na mitatu. Matunda yalibaki kijani hadi nikataka kuing'oa. Mama akapunguza majani, na ngozi ikaanza kuwa nyeusi, upande uliopigwa na jua tu.

Kisha mvua ikagoma, msimu baada ya msimu. Ikabaki miche minne, pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo.

Niliporudi Kibwezi mwaka 2023, susu hakuwa na nyanya nyeusi hata moja. Mbegu zake zote alikuwa amezipanda, zikakauka. Nikampa bahasha. Aliichomeka ndani ya leso haraka, kama mtu aliyepokea hongo.

Novemba 2025, katika kesi iliyopelekwa na wakulima, Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Nikampigia susu simu: sasa tunaweza kuuza mbegu bila woga. Kusema kweli nilikuwa nimeshapiga hesabu: mbegu ishirini, shilingi mia.

Akanyamaza kidogo.

"Na zile ulizoniletea, ungeniuzia?"