Harufu ya Kiti cha Jirani

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 nilikuwa Mwanza kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Mambo yalikwenda vizuri, tukala, tukacheza, na siku ya nne nikafunga mizigo kurudi Dar es Salaam kwa ndege ya asubuhi. Kwa kawaida safari hiyo naifanya kwa basi, lakini wakati ule nauli za ndege zilikuwa zimeshuka kidogo, na Baba Neema alikuwa amenitumia fedha ili niwahi kazini Jumatatu.

Msomaji aliyewahi kupanda ndege Mwanza anaujua uwanja ule ulioko Ilemela, kaskazini mwa mji, karibu na ziwa. Anajua pia kwamba mtu haondoki Mwanza mikono mitupu. Mbele yangu kwenye mizani kulikuwa na maboksi yaliyozungushiwa gundi ya karatasi mara nyingi kama maiti ya Misri: sangara, sato, dagaa. Nami nilikuwa na langu, dagaa waliokaushwa vizuri, zawadi ya mama mkwe wa mdogo wangu. Ukumbi mzima ulinukia ziwa. Hakuna aliyeziba pua, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mzigo wake.

Ndani ya ndege nilipewa kiti cha katikati. Dirishani alikuwa amekwisha kaa mama mmoja wa makamo, mwembamba, amejifunga kitenge kipya na khanga mbili juu yake, ingawa hapakuwa na baridi. Nilimsalimu, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia kwa sauti ndogo bila kunigeukia. Upande wa njia akaja baba mmoja mwenye suti na mkoba.

Milango ilipofungwa ndipo nilipoisikia. Sikufahamu mara moja ni harufu gani. Haikuwa jasho, wala soksi, wala pombe ya jana. Ilikuwa nzito na tamu kwa namna ya kutisha, kama nyama iliyosahauliwa. Yule baba aliisikia wakati uleule, kwani aliinuka nusu, akatazama chini ya kiti, akanitazama mimi. Aibu iliyonipata! Nikajikuta nimeelekeza macho dirishani ili ajue siyo mimi. Kisha nikashika mtandio wangu nikauweka puani.

Naomba msomaji asinihukumu haraka, ingawa ningestahili. Yule baba alibonyeza kengele, na mhudumu wa ndege alipofika akamwambia kwa sauti ya kusikika safu tatu mbele na tatu nyuma, "Hapa pananuka, siwezi kukaa." Mhudumu, binti mdogo, hakujua aseme nini. Akamtafutia kiti mbele, naye akaondoka na mkoba wake. Mama wa dirishani hakusogea. Baada ya muda akasema, bado anatazama nje, "Usijisumbue, mwanangu. Hata mimi nainusa."

Tulikuwa tumekwisha kupaa. Chini yetu yalipita yale mawe makubwa ya Mwanza na maji ya ghuba, mandhari ambayo siku nyingine ningeyafurahia. Siku ile sikuona kitu. Nilishusha mtandio, na sikujua niuweke wapi.

Taa ya mikanda ilipozimwa alikuja mwanamke kijana kutoka viti vya nyuma, akaniomba akae karibu na mama yake. Nilisogea kiti cha njiani, yeye akakaa katikati. Tulianza kuzungumza taratibu, naye mama akiwa amefumba macho. Walitoka Kwimba. Mama alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na walikuwa na barua ya rufaa kwenda Ocean Road kwa ajili ya mionzi. Alikuwa ametokwa na uchafu na damu kwa muda wa mwaka mzima bila kumwambia mtu. Binti aligundua alipokuja likizo akakuta mama anafua vitambaa usiku.

"Kwa nini hamkupanda basi?" nilimwuliza, kwa maana niliona wazi kwamba nauli ya ndege haikuwa jambo dogo kwao.

Walikuwa wamepanda. Wiki mbili kabla, abiria walianza kufungua madirisha na kusemezana hata kabla basi halijafika mbali. Kondakta akamwomba mama ahamie kiti cha nyuma kabisa. Walipofika Shinyanga mama alisimama mwenyewe akasema anashuka. Wakarudi nyumbani. Ndugu wakachanga, wakauza mbuzi, wakakata tiketi mbili za ndege wakiamini kwamba huko watu ni wastaarabu, na safari ni fupi.

Katika umoja wetu wa akina mama tumesoma mara nyingi habari za yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akapenya katikati ya umati hata akagusa pindo la vazi. Nimewahi hata kuongoza somo hilo. Tulizungumza juu ya imani yake, juu ya waganga waliommaliza mali. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba pengine alinuka, na kwamba watu waliosongamana pale huenda walikuwa wakimkwepa. Nilifikiri hivyo kwa mara ya kwanza nikiwa angani, dakika chache tu baada ya kuziba pua yangu.

Baadaye nilijifunza mambo ambayo ningependa kuyajua siku ile. Hewa ya ndani ya ndege kubwa haikai palepale kama wengi tunavyodhani. Hubadilishwa kila baada ya dakika mbili au tatu. Karibu nusu yake hutoka nje, na nusu ni ileile ya ndani iliyopitishwa kwenye vichujio. Vichujio hivyo hunasa vumbi na vijidudu, lakini harufu ni laini mno, nayo huponyoka. Hewa huingia kwa juu na kutokea chini, karibu na miguu ya safu ileile, ndiyo maana harufu ya mtu huwasumbua jirani wa safu mbili tatu tu, na wa mbele hawajui lolote. Kile kitundu kidogo cha hewa kilicho juu ya kichwa basi kina kazi. Ukikifungua na kukielekeza mbele ya uso wako, hewa safi hushuka kama pazia kati yako na jirani.

Jambo jingine ni pua yenyewe. Pua huchoka. Harufu isiyobadilika huifanya izoee kwa dakika chache, ukaisikia kidogo au usiisikie kabisa. Kwa sababu hiyo mwenye kikwapa mara nyingi hajui hali yake, hana kiburi wala dharau. Na kwa sababu hiyo hiyo, anayeambiwa "usijisumbue, hata mimi nainusa" na mgonjwa, aelewe kwamba harufu ile ni kali kiasi gani, hata pua ya mwenyewe imeshindwa kuizoea.

Kuna pia mambo ya tumbo, ambayo akina mama tutayataja bila haya. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu huwa nyepesi kama ya milimani, sawa na kusimama mahali penye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400, kama vile Njombe na zaidi. Gesi iliyomo tumboni hutanuka, kama unavyoona chupa ya maji ya plastiki ikivimba safarini na kubonyea mnapotua. Aliyekula maharage na kabichi usiku atapata taabu, na jirani zake pia. Ni maumbile, si utovu wa adabu. Afadhali siku ya kusafiri mtu ale wali na samaki.

Tukirudi kwa wagonjwa, mwaka 2018 ilisikika habari huko Ulaya iliyonifanya nimkumbuke yule mama wa Kwimba. Ndege iliyotoka visiwa vya Canary kwenda Uholanzi ilikatisha safari na kutua Faro, Ureno, kwa sababu abiria mmoja alikuwa akinuka hata wengine wakatapika. Magazeti ya mwanzo yaliandika kwa kejeli kwamba ni mtu asiyeoga. Mtu mwenyewe alikuwa Andrey Suchilin, mpiga gitaa kutoka Urusi. Nyama ya mwili wake ilikuwa inaoza akiwa hai kwa maambukizi. Alilazwa hospitalini hukohuko Ureno, na mwezi wa Juni mwaka uleule akafariki. Sisemi kwamba abiria wale walikuwa waovu. Kutapika hakuzuiliki. Lakini waliocheka baadaye walikuwa na muda wa kutosha wa kuuliza kwanza.

Je, mtu afanye nini basi? Siwezi kusema kwamba yatupasa kukaa na harufu saa nane bila kuinua kidole, maana wengine wetu tuna pumu, wengine ni wajawazito na kichefuchefu hakina subira. Kuhama si dhambi. Ila usibonyeze kengele. Inuka kama mtu anayekwenda msalani, umfuate mhudumu kule nyuma wanakotayarishia chakula, umwambie kwa sauti ya chini kwamba ungependa kiti kingine kama kipo. Huhitaji kutaja mtu. Kiti kisipokuwepo, fungua kitundu cha hewa, pakaa Vicks kidogo chini ya pua, au tafuna kipande cha tangawizi. Na tafadhali usitoe marashi ukapulizia. Nimeona dada mmoja akifanya hivyo, na tukawa na harufu mbili badala ya moja, na mzee wa mbele akaanza kukohoa.

Mwenye mtoto mchanga naye akumbuke kwamba nepi haibadilishwi kwenye meza ya chakula, kuna ubao msalani kwenye ndege nyingi. Achukue mifuko ya plastiki miwili mitatu ya kufungia, na blauzi ya ziada ya mama, siyo ya mtoto peke yake. Mtoto akitapika ni mama atakayenuka hadi mwisho wa safari.

Lakini hasa napenda kusema na yule anayesafiri na mgonjwa mwenye kidonda au uchafu wa aina ile. Muuguzi mmoja wa kanisani kwetu alinieleza kwamba harufu hiyo hutoka kwa vijidudu vinavyoishi katika nyama iliyokufa, na kwamba ipo dawa ya kuipunguza. Ni ileile tunayoiita Flagyl, ambayo daktari anaweza kuielekeza imezwe au isagwe na kuwekwa mahali penyewe. Isinunuliwe na kutumiwa kiholela. Iombwe kliniki siku kadhaa kabla ya safari, maana wengi hawaiombi kwa kudhani kwamba harufu ni sehemu ya ugonjwa isiyo na tiba. Pedi zibadilishwe kabla ya kuingia ndegeni. Omba kiti cha dirishani nyuma, karibu na msalani, na umwarifu mhudumu mapema, kabla jirani hajamwarifu yeye. Mkae pamoja, hata kama itabidi kuomba watu wabadilishane viti. Nyumbani, chombo chenye mkaa uliozimika chini ya kitanda hupunguza harufu chumbani.

Nasi tulio wazima tusisubiri kufua vitambaa usiku. Kutokwa na uchafu wenye harufu mbaya, damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, hayo ni mambo ya kumpelekea mganga wa hospitali wiki hiyohiyo. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kipimo cha kuitafuta mapema hufanywa kwa siki, hakina maumivu makubwa na huchukua dakika chache. Na tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanapewa chanjo. Neema wangu amechanjwa.

Tulitua Dar es Salaam saa nne kasoro. Yule baba wa suti alikuwa wa kwanza kusimama. Mimi nilibaki na wale wawili hadi ndege ikawa tupu, kwa sababu mama alitaka hivyo, asipitwe na watu kwenye njia nyembamba. Binti alifunga khanga ya tatu kiunoni mwa mama yake, tukashuka ngazi polepole.

Kwenye mkanda wa mizigo boksi langu la dagaa lilitokea limepasuka upande mmoja. Sijui nani alilikalia. Harufu ilitangulia kabla ya boksi, na watu waliokuwa wamesimama pale wakarudi nyuma hatua mbili, mmoja kwa leso puani. Nililishika kwa mikono miwili huku dagaa wakinidondokea miguuni. Mama wa Kwimba alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka, kicheko kidogo kilichomwumiza tumbo akalishika.

"Sasa ni zamu yako," alisema.

Tulipanda teksi moja hadi Ocean Road, madirisha wazi, dagaa na sisi. Nilimwachia binti namba yangu ya simu. Alinipigia mwezi wa Novemba kuniambia kwamba mionzi imekwisha, uchafu umekoma, na wamefika Kwimba salama. Walirudi kwa basi. Mama alikuwa amekataa katakata kukaa nyuma, akaomba kiti cha mbele, karibu na dereva, ili aone njia.