Sanduku la Vitabu la Ntoto

Mtu atokaye Goma kwenda Ntoto hupita kwanza Sake, penye ncha ya ziwa Kivu, kisha huanza kupanda. Huko juu ndiko Masisi ya malisho: vilima vya majani mabichi, makundi ya ng'ombe, na jibini za mviringo zinazojulikana hata mbali. Asubuhi ni baridi hasa, na msafiri asiye na koti hujuta. Lakini ukizidi kwenda upande wa magharibi nchi hubadili uso wake. Malisho yanakwisha kidogo kidogo, migomba na mihogo inashika mahali pake, ukungu unashuka mpaka mabegani, na mbele yako unasimama msitu wa Walikale, ule usiokoma upesi. Ntoto iko kwenye mpaka huo wa nchi mbili. Pikipiki zilituchukua mpaka zilipokataa, na sehemu iliyobaki tulikwenda kwa miguu, tukiwasifu kimoyomoyo wapagazi wetu, ambao hawakuteleza hata mara moja, nasi tuliteleza mara nyingi.

Wasomaji wengi wanalijua jina la Ntoto kwa sababu moja tu, nayo ni ya huzuni. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, vikundi vya silaha vya Wahunde na Wanyanga viliwashambulia watu wasemao Kinyarwanda. Kutoka pale vita vilienea Masisi nzima. Kisasi kikajibiwa kwa kisasi, pande zote zikazika watu wake kwa maelfu, na makadirio ya wakati ule yalisema kwamba waliokimbia makwao walifika 250,000. Tangu hapo amani haikupata kukaa huko muda mrefu. Huja, hupumzika, huondoka. Twalisema hili mapema, maana bila kulijua msomaji hatafahamu maneno aliyotuambia mwalimu, tutakayoyaeleza hapa chini.

Lakini hatukwenda kuandika habari za vita. Tulikwenda kwa sababu tulisikia kwamba katika shule moja ya msingi ya upande ule kuna maktaba.

Tusiwadanganye wasomaji: maktaba hatukuiona. Tulionyeshwa sanduku. Ni la bati, la namna ile ile ambayo mwanafunzi wa bweni huchukulia nguo zake. Limewekwa juu ya mawe matatu, kama chungu mafigani, na chini yake imemwagwa majivu ili mchwa wasipande. Ufunguo huvaliwa shingoni na mwalimu wa darasa la nne, chini ya shati. Alitufungulia kwa heshima, tukavihesabu vitabu vyote: vilikuwa 64. Kulikuwa na vitabu vya Kifaransa vyenye picha za theluji na matofaa, hadithi za Kiswahili zilizopigwa chapa Dar es Salaam na Nairobi, katekisimu mbili, kitabu cha hesabu kisicho na jalada, na kitabu kimoja kinene cha ufundi wa magari, ambacho, kwa maneno ya mwalimu, wavulana wanakipenda kuliko vyote, ijapokuwa gari hawalioni ila kwa nadra.

Wala asidharau mtu sanduku. Katika kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka katika Uganda, maktaba ya watu ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja tu la vitabu, na baadaye ikapata nyumba yake. Na huko Garissa, Kenya, mwaka 1996 wakuu wa maktaba za nchi walianza kuwapakia ngamia vitabu na hema, ili wavifikishe kwa watoto wa wafugaji wahamao. Vitabu vyenye miguu si jambo geni katika Afrika Mashariki.

Basi tulimwuliza: "Mwalimu, watoto huazima vitabu hivi?"

Akajibu: "Husoma hapa, siku ya Ijumaa baada ya masomo, wakiisha kunawa mikono. Nyumbani havifiki."

Jibu hilo halikutupendeza, na uso wetu bila shaka ulisema hivyo. Sisi tuliokuwa wanafunzi zamani tunakumbuka shule moja, hatutaitaja, iliyokuwa na kabati zuri la vioo. Ndani yake vilipangwa vitabu vya zawadi, migongo yao ikiwa na maandishi ya dhahabu. Tulivisoma migongo kwa miaka sita. Siku kabati lilipofunguliwa kwa mgeni mkubwa, migongo peke yake ndiyo iliyobaki. Ndani mchwa walikuwa wamekwisha soma vyote. Tulimsimulia mwalimu habari hiyo, tukidhani tumemshinda.

Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema kwa upole: "Nyinyi mlikuwa na kabati. Sisi tumekimbia mara tatu. Mara zote tatu sanduku hili lilikimbia pamoja nasi, kichwani pangu, na mara moja tulilala nalo msituni siku nane. Kitabu kilichoko nyumbani kwa mtoto, siku ya kukimbia nani atakikumbuka? Mama atachukua mtoto na sufuria. Ni haki yake."

Hatukuwa na jibu. Twakiri kwamba jioni ile tulikula mihogo yetu kimya kimya.

Hata hivyo jambo hili lilitusumbua, nalo linamsumbua yeye pia, maana usiku alirudi na taa akataka kuzungumza. Alisema shida yake si kupotea kwa kitabu peke yake. Watoto wa darasa lake wanajua kusoma kwa sauti, hata Kifaransa. Lakini ukimwuliza mtoto alichokisoma, hukutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nyumbani wanasema Kinyanga, wengine Kihunde, wengine Kinyarwanda. Kiswahili wanakutana nacho sokoni na kanisani. Kifaransa hawakutani nacho mahali popote ila ubaoni. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu watoto wafundishwe kwa lugha za nchi au za mahali pao, lakini sheria hufika kabla ya vitabu. Na ada ya shule za msingi za serikali ilipofutwa mwaka 2019, madarasa yalijaa. Kitabu kimoja sasa huinamiwa na vichwa vinne.

Ndipo tulipomwuliza kama watoto wanajua hadithi ya Mwindo. Akacheka. Nani katika Wanyanga asiyejua Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea, ambaye baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume? Bibi zao huwahadithia. Lakini kitabu chake hakimo sandukuni. Tazameni jambo hili, wasomaji. Mwaka 1956 mzee Rureke, bingwa wa kuhadithia, aliisimulia na kuiimba na kuicheza hadithi hiyo kwa muda wa siku kumi na mbili, mpaka sauti ikamkauka, na mtaalamu wa Kibelgiji Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake Wanyanga wakaiandika neno kwa neno. Mwaka 1969 ilipigwa chapa huko California, Marekani, naye Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, akiwa mmoja wa waliotia mkono katika kazi hiyo. Vyuo vikuu vya ng'ambo huifundisha. Na katika nchi ya Wanyanga mtoto anasoma habari za theluji!

Hatukusema hayo ili tumwaibishe mwalimu; kosa si lake. Ila neno hilo lilimshika. Asubuhi aliwaambia watoto wa darasa la nne kwamba kila mmoja amwulize bibi yake au babu yake hadithi moja, aje aiandike kwa Kiswahili kadiri awezavyo. Akawaambia pia jambo lililotushangaza: vitabu kumi vyembamba vitatoka sandukuni Ijumaa na kurudi Jumatatu. Kila kimoja kitafungwa katika mfuko wa nailoni. Jina la mtoto litaandikwa daftarini, na jina la mzazi, na mzazi atatia kidole chake. Na siku ya kukimbia, ikiwa itakuja, mwenye kitabu atakimbia nacho mfukoni. Alichagua watoto kumi kwa kura, ili pasiwe na maneno ya kusema fulani amependelewa kwa sababu ya kabila. Katika Ntoto maneno ya namna hiyo si mchezo.

Tuliahirisha safari ili tuone mwisho wake. Jumapili tulipita nyumba kadha wa kadha. Mahali pamoja msichana alikuwa amekaa karibu na moto, akisoma hadithi ya sungura kwa Kiswahili na kuigeuza Kinyanga, sentensi kwa sentensi, na bibi yake kila mara alimkata maneno: "Sivyo! Sungura hakusema hivyo." Mtoto akaonyesha ukurasa kwa kidole. Bibi akajibu kwamba aliyekiandika hakuwauliza wazee. Basi wakabishana, mmoja na kitabu na mwingine na kumbukumbu yake, na ndugu zote wakasogea kusikiliza. Kama tungeombwa kueleza kusoma ni kitu gani, tungemleta mwulizaji katika nyumba ile.

Jumatatu vikarudi vitabu tisa. Kimoja kilinuka moshi, kimoja kilikuwa na alama ya mafuta ya mawese, vingine vilikuwa vizima. Cha kumi hakikuonekana. Mwalimu hakutulaumu kwa neno lolote, lakini aliushika ule ufunguo shingoni mwake mara nyingi, nasi tulitazama pengine.

Jumanne, tulipokuwa tukifunga mizigo, mvua ikiwa imeanza, alikuja mtu akikimbia, na mtoto wa kiume nyuma yake. Alikuwa baba wa yule mtoto wa kumi. Alikuwa amekichukua kitabu mpaka shambani, mwendo wa nusu siku, akakisoma huko yeye na wenzake kwa mwanga wa moto. Akakitoa chini ya shati, kikiwa ndani ya nailoni yake, kikavu kabisa. Mwalimu alinyosha mkono kukipokea, lakini yule baba hakukiachia.

"Mwalimu," akasema, na kwa kweli alikuwa na hasira, "kurasa za mwisho ziko wapi? Tumefika mahali mtoto yule anavuka mto usiku, na kitabu kimekatika. Alivuka, au hakuvuka?"

Kurasa zile zilipotea zamani, katika mojawapo ya mikimbio mitatu. Lakini mwalimu alikuwa amekisoma kitabu kikiwa kizima. Akaketi juu ya sanduku, akamkaribisha yule baba kwenye benchi na mtoto kando yake, akaanza kuwahadithia. Wapagazi walituita mara mbili kutoka njiani. Hatukuondoka mpaka alipomaliza.